Hondohondo Aliyetandika Matanga Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa mti, na katika mti tundu, na katika tundu mtoto. Wengine hapa husema uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo msiuite. Umekwisha kufika, umo ndani ya hadithi yenyewe, na walioubeba ni wakubwa. Ninyi semeni tu: tunasikia.

Tunasikia.

Hapo kale, kale sana, kabla Kobe hajajua kuficha kichwa, palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na mvule mrefu. Katika shina la mvule huo lilikuwapo tundu, na tundu hilo lilikuwa nyumba ya Hondohondo na mkewe.

Mnaijua desturi ya hondohondo? Mke akitaka kutaga, huingia tunduni. Mume huleta udongo, mke huukandika kutoka ndani, mpaka mlango wote unazibwa. Hubaki ufa mwembamba, upana wa mdomo. Mke hukaa gizani na yai lake. Mume hukaa nje na mabawa yake. Kutwa huruka, huleta panzi, huleta kuyu zilizoiva, huzipitisha ufani, huondoka. Hiyo ndiyo kazi yake, na Hondohondo wetu aliifanya vizuri. Hakuna siku aliyochelewa.

Yai likaanguliwa. Akatoka mtoto wa kike, wakamwita Kidawa.

Kila jioni, mle ndani, mama alimwimbia mwanawe, na mtoto aliitika:

"Kidawa, Kidawa, una nini leo?"

"Nina njaa, mama, nina njaa leo."

Kesho yake tena:

"Kidawa, Kidawa, una nini leo?"

"Nina hasira, mama, nina hasira leo."

Na mama hakusema, "Hasira za nini, mtoto mdogo kama wewe?" Alisema, "Haya, njoo nazo ubavuni kwangu." Mtoto akaenda nazo, wakalala.

Hondohondo aliusikia wimbo huo kwa mbali, akiwa ameshageuka kwenda kutafuta chakula kingine. Swali alilijua. Jibu hakulijua, kwa sababu hakuwahi kukaa akalisubiri.

Mtoto akakua, na chakula cha mletaji mmoja kikawa hakitoshi. Mama akabomoa ukuta, akatoka, wakauziba tena nyuma yake ili mtoto awe salama mpaka manyoya yake yakomae.

"Nakwenda kukutafutia panzi," mama akasema ufani. "Jioni nitarudi."

Hakurudi. Mvua ya mawe ilimkuta uwandani, mahali pasipo na mti hata mmoja. Hondohondo alimkuta chini, bawa moja limekunjuka. Akamzika. Akachukua unyoya mmoja wa mkia wake, mweusi wenye ncha nyeupe, akauficha chini ya gome la mvule. Hakumwonyesha mtu.

Matanga yakatandikwa chini ya mti. Wanyama wote wakaja, wakakaa mikekani siku tatu. Walilia, wakala, wakanywa, wakalia tena. Na juu yao, ndani ya tundu, Kidawa alivisikia vilio. Akauliza ufani:

"Baba, wanalia nini?"

Hondohondo akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Mzee Kobe akamwita kutoka mkekani.

"Wewe Hondohondo! Shuka hapo! Unataka kumwambia nini mtoto?"

"Ameniuliza, mzee."

"Mtoto haambiwi msiba. Sema mama yake amesafiri. Ndivyo tunavyolea sisi. Mtoto ana akili gani ya kujua kifo?"

Sasa, katika shina la mvule huo huo, upande wa chini, alikaa Bi Kindi na watoto wake watano. Bi Kindi akasema, "Lakini, Mzee Kobe, mama ni wake. Mwambieni kweli, alie pamoja na wanaolia."

Mkeka mzima ukamgeukia.

"Nyamaza, Bi Kindi!"

"Wanao kutwa makelele! Mara wanacheka, mara wanalia, mara wanagombana. Wewe ndiye wa kutufundisha malezi?"

Bi Kindi akarudi kwa watoto wake. Hondohondo akapanda tunduni.

"Mama amesafiri," akasema.

"Atarudi lini?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Akasema lililomjia mdomoni: "Mwezi ukiandama."

Siku ya tatu wakaanua matanga. Mikeka ikakunjwa, kila mmoja akaenda kwake. Mtu mmoja tu alibaki na msiba hajui kuwa ni msiba. Tunasikia?

Tunasikia.

Mwezi ukaandama. Kidawa aliuona ufani, mwembamba kama ukucha. Akasubiri. Kulipokucha hakukuwa na mama. Akalia. Alilia asubuhi, akalia adhuhuri, akalia alasiri.

Hondohondo akaja na kuyu. Mtoto akazisukuma nje. Akaja na panzi. Mtoto akawasukuma nje. Ndipo akatua Bibi Kekeo, ndege mwenye sauti nzuri kuliko wote msituni, akasema:

"Baba Kidawa, kelele gani hizi? Majirani hatupumziki."

"Anamlilia mama yake, bibi. Nifanyeje?"

"Unambembeleza?"

"Kidogo."

"Ndiyo maana! Sikiliza. Mwambie hivi: mama harudi kwa mtoto anayelia. Akinyamaza, atarudi. Utaniletea habari."

Bi Kindi akachungulia kutoka chini. "Jamani, mnamfundisha mtoto kumeza kilio. Kilio si kuyu, tumboni hakisagiki."

"Kindi, tafuna mbegu zako!" akasema Bibi Kekeo.

Hondohondo akaenda ufani, akamwambia mwanawe: mama harudi kwa mtoto anayelia.

Kidawa akanyamaza saa ile ile. Ni kama sufuria iliyofunikwa kifuniko.

Basi wanyama wakaja kumpongeza baba yake. Walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye matanga. "Ametulia! Ana adabu! Hongera, Hondohondo, umelea!" Swala akawaonyesha watoto wake lile tundu kwa kwato: "Mnaona mwenzenu? Hata pumzi yake haisikiki."

Nami nauliza, nanyi jiulizeni: kati ya wote hao waliosifu, nani alichungulia ufani? Hakuna. Angechungulia angemwona mtoto amegeukia ukuta, anajing'oa manyoya ya kifua, moja baada ya jingine, bila sauti. Angemwona anasubiri. Na kila siku iliyopita mama hajarudi, mtoto alijua sababu. Sababu ni kwamba jana, kidogo, alikuwa amelia moyoni.

Manyoya yakaanza kudondoka kutoka ufani. Hondohondo akayaona. Akaona na kuyu za juzi ziko pale pale, zimenyauka. Akaogopa. Akasema, hili ni zito kuliko akili yangu, ngoja niende kwa mwenye busara.

Aliyesifiwa kwa busara katika msitu ule alikuwa Kenge. Alisifiwa kwa sababu aliongea kidogo, na kati ya neno na neno alitoa ulimi, watu wakadhani anafikiri.

"Mwanangu hali, Mzee Kenge. Hasemi. Anajing'oa manyoya."

"Anadeka," akasema Kenge, akatoa ulimi. "Unakaa sana pale mlangoni. Peleka chakula, ondoka."

"Na ukuta? Udongo wake umeanza kupasuka, nataka niukandike upya."

"Uache hivyo hivyo. Apate hewa." Ulimi ukatoka, ukarudi. "Na adabu? Umemfundisha?"

"Adabu ipi, mzee?"

"Mkubwa akimjia, asipige kelele. Asiulize. Ainamishe kichwa tu. Hapo ndipo mtoto mwema anapojulikana."

"Nitamwambia."

"Na chakula humpelekea saa ngapi?"

"Asubuhi na alasiri."

"Vizuri," akasema Kenge. "Vizuri sana."

Hondohondo alipokuwa akirudi, Bi Kindi akamwita. "Baba Kidawa, hebu simama. Kenge anataka kujua saa za chakula za mwanao, za nini?"

"Bi Kindi, wewe nawe humdhanii mtu wema. Yule ni mzee wetu."

Akapanda, akamwambia Kidawa yale aliyofundishwa, neno kwa neno. Ndani hakukuitika mtu.

Kesho yake asubuhi alileta chakula, akaondoka kwenda mkuyuni. Jua likapanda hadi utosini. Msitu ukatulia kwa joto. Ndipo juu ya shina la mvule ikasikika: kwaru, kwaru, kwaru.

"Hodi, mjukuu wangu," akasema Kenge.

Kidawa hakuuliza ni nani. Alikuwa amefundishwa asiulize.

Kenge akakwaruza mara ya kwanza, udongo mkavu ukadondoka. Kidawa akainamisha kichwa.

Kenge akakwaruza mara ya pili, ufa ukawa dirisha. Kidawa akafumba macho.

Kenge akakwaruza mara ya tatu, mkono wake ukaingia wote, kucha zikampata mtoto mgongoni, zikashuka mistari mitatu. Nyumba ikajaa damu na ukimya.

Hakulia. Mnanisikia? Kenge alikuwa mgongoni kwake, na mtoto hakulia.

Waliolia ni watoto wa Bi Kindi. Walikuwa wakicheza na kusukumana matawini, yule mdogo wao akaona kitu kinaning'inia. "Mkia!" akapiga yowe. "Mama, mkia! Mkia wa Kenge mlangoni kwa Kidawa!" Na wale wengine wanne, ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kunyamaza, wakafungua vinywa vyao vyote. Yowe lile lilifika bondeni. Lilifika mkuyuni.

Hondohondo alidondosha kuyu mdomoni. Aliruka kama mshale. Alimkuta Kenge ameshaingiza na kichwa, akasubiri akitoe, na alipokitoa akamchoma jicho. Kenge akaachia shina, akaanguka chini, puu! Akakimbilia mwambani, jicho moja limefumba, na halikufumbuka tena.

Hondohondo akaingiza kichwa dirishani. Kwa mara ya kwanza akamwona mwanawe mzima mzima: kifua kitupu, mgongo wenye mistari mitatu, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama vizuri kama alivyoagizwa.

"Kidawa! Mwanangu! Kwa nini hukulia?"

Mtoto akafumbua jicho moja. Akasema taratibu, kama anayetoa hesabu aliyokuwa na hakika nayo:

"Mlisema nikilia, mama harudi."

Hondohondo hakumfuata Kenge. Akaanza kuubomoa ukuta kwa mdomo ule ule uliokuwa ukileta udongo, kipande baada ya kipande, mpaka lisibaki tonge. Akamtoa mtoto, akamweka tawini, juani, akakaa karibu naye.

"Kidawa, mama yako hakusafiri. Amekufa. Nilikudanganya."

Mtoto akafikiri. "Amekufa kwa sababu nililia?"

"Hapana. Amekufa kwa mvua ya mawe. Ungelia, usingelia, mawe yale yangeanguka. Wewe hukufanya kosa lolote. Kosa ni langu."

Kidawa akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Lakini hakulia. Kilio kilikuwa kimekaa ndani siku nyingi mno, kimesahau njia.

Hapo ndipo Hondohondo alipokasirika. Hakupiga kelele. Alishuka chini, akachukua mikeka ya matanga iliyokunjwa, akaitandika mmoja mmoja chini ya mvule, pale pale ilipokuwa. Kisha akapiga mbiu.

Wanyama wakaja wanashangaa. "Nani tena amefariki?"

"Ni yule yule," akasema Hondohondo. "Mama Kidawa."

Mzee Kobe akainua shingo. "Matanga ya marehemu mmoja mara mbili? Hayajapata kuonekana. Tulishaanua."

"Mlianua, mzee. Lakini mwenye msiba hakuwepo. Mlikaa chini ya nyumba yake, mkala ubwabwa wa mama yake, yeye mkamwacha juu anauliza mnalia nini. Leo yupo. Kaeni."

Wakakaa. Kidawa akaketishwa katikati, mgongo wake wazi. Wale waliosifu utulivu wake wakauona mgongo ule, wakatazama mikeka.

"Waulize unachotaka, mwanangu," akasema baba yake. "Matanga ni yako."

Kidawa akamtazama Kobe.

"Babu Kobe, watoto wako wakilia, wewe huwaambia nini?"

"Mimi, mjukuu... Mke wangu alifukia mayai mchangani."

"Kisha?"

"Kisha tukaenda zetu."

"Wanaitwaje?"

Kobe akatafuta jina. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Hakulipata hata moja. Kichwa chake kikaanza kurudi nyuma, kikarudi, kikarudi, kikaingia gambani. Mpaka leo ukimtazama usoni, huko ndiko anakokwenda.

Kidawa akamgeukia Bibi Kekeo.

"Bibi, na wako?"

"Wangu wako kwa watu," akasema Kekeo kwa ile sauti yake nzuri. "Nilitaga viotani kwa wengine. Wanalelewa vizuri tu."

"Na wakilia?"

"Sijawahi kuwasikia wakilia."

"Basi wana adabu hao," akasema Bi Kindi.

Bibi Kekeo akaruka, na tangu siku hiyo anaita mvua zikikaribia, anaita tena na tena, na humuoni alipo. Mahali pa Kenge mkekani palikuwa patupu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ndipo Hondohondo alipomgeukia mwanawe mbele ya wote, akainamisha kichwa, yeye mkubwa kwa yule mdogo. "Walioshauri ni hawa," akasema, "lakini aliyekwambia ni mimi. Niwie radhi, Kidawa."

Mkeka ukavuma. Swala akasema, "Tangu lini mkubwa akamwomba radhi mtoto?"

"Tangu leo," akasema Hondohondo.

Akapanda mvule, akachomoa ule unyoya chini ya gome, akashuka nao, akauweka mbele ya Kidawa. Mweusi, ncha nyeupe. Kisha akaimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, na alijua mstari mmoja tu:

"Kidawa, Kidawa, una nini leo?"

Akasubiri.

Wanyama wakakohoa. Akasubiri. Kivuli cha mvule kikahama kutoka mkeka mmoja hadi mwingine. Hondohondo, aliyekuwa hakai mahali hata kwa muda wa kumeza mate, alikaa palepale. Hakurudia swali. Hakuondoka.

Kidawa akauvuta unyoya karibu. Akaufunika kwa kifua chake kile kisicho na manyoya.

"Sina mama, baba," akasema. "Sina mama leo."

Na Hondohondo hakusema, "Nyamaza, utazoea." Alisema, "Haya, njoo nalo hilo ubavuni kwangu."

Ndipo kilio kilipoipata njia. Kidawa alilia, na baba yake akalia, na Bi Kindi akalia, na watoto watano wa Bi Kindi wakalia kwa makelele kama walivyofanya kila kitu. Walikaa siku tatu mikekani. Siku ya nne asubuhi, Kidawa akasema, "Baba, nina njaa." Akala kuyu saba.

Manyoya ya kifua yakaota. Mistari ya mgongoni ilibaki. Siku mabawa yake yalipokomaa, mwezi ulikuwa umeandama jioni yake. Aliuona, mwembamba kama ukucha, na hakumsubiri mtu. Aliruka kutoka mvuleni mpaka mkuyuni na kurudi, unyoya wa mama yake mdomoni.

"Kidawa, Kidawa, una nini leo?" akaimba baba yake, sauti mbaya ile ile.

Mtoto hakuweza kujibu, mdomo ulikuwa umeshika unyoya. Akazunguka mvule mara tatu. Baba akaelewa.

Haya, ninyi mliokaa. Funzo lake mnalijua, lakini nitalisema, kwa sababu waliolijua walikuwapo msituni pia na wakaambiwa watafune mbegu. Ukimya wa mtoto si afya yake, wala si adabu yake. Mtoto mwambie kweli, kisha kaa akulilie. Ukimfundisha kunyamaza kwa ajili ya raha yako, umemfundisha kunyamaza hata kwa Kenge. Na shauri la malezi, kabla hujalipokea, muulize mshauri majina ya watoto wake.

Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa naiacha. Ikikufaeni, nendeni nayo nyumbani, mkaulize lile swali, mkae. Isipokufaeni, nirudishieni, mimi ninaye wa kumsimulia.

Tumesikia.